Surua: Ugonjwa Unaousahaulisha Mwili

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapunguzwa.)

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku umetega sikio. Kama una mtoto mgongoni au mapajani, vizuri zaidi, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu yeye.

Leo tunazungumza juu ya surua, ugonjwa ambao wengi wetu huuita ukambi. Najua wengine watasema, "Ukambi tunaujua. Hata sisi tuliugua tukiwa wadogo, na tuko hapa." Ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo nyanya zetu waliliona kwa macho bila kuelezwa sababu yake, na ambalo wataalamu wa virusi wamelieleza vizuri katika miaka ya karibuni.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto anaugua surua, kisha anapona. Vipele vinakauka, homa inashuka, mama anamshukuru Mungu. Baada ya wiki chache mtoto huyo anashikwa na nimonia. Akitoka kwenye nimonia, anaanza kuendesha. Kuendesha kukikoma, sikio linatoa usaha. Mama anabaki akijiuliza: Je, mwanangu amerogwa? Au ni mimi nisiyejua kumtunza?

La, mama. Si wewe, na si jirani. Hebu tuelezane taratibu.

MWILI UNA WALINZI, NA WALINZI WANA DAFTARI

Ndani ya damu ya mtoto wako kuna chembechembe nyeupe. Hizi ndizo walinzi wa mwili. Kiini cha ugonjwa kinapoingia kwa mara ya kwanza, walinzi hawakijui. Huwachukua siku kadhaa kukichunguza na kutengeneza silaha za kukimaliza. Silaha hizo huitwa kingamwili. Kila kingamwili hutengenezwa kulingana na kiini chake, kama ufunguo na kufuli yake. Ufunguo wa kufuli moja haufungui nyingine.

Vita vikiisha, wengi wa walinzi hao hufa, maana kazi yao imekwisha. Lakini wachache hubaki, na hawa ni wa maana sana. Tunaweza kuwaita walinzi wa kumbukumbu. Fikiria mlinzi wa lango ambaye ameandika kwenye daftari lake sura ya kila mwizi aliyewahi kukamatwa mtaani. Mwizi yule akirudi, hafiki mbali. Anakamatwa langoni, na wenye nyumba huenda wasijue hata kwamba alikuja.

Ndiyo sababu mtoto mchanga huugua mafua na kuendesha mara kwa mara, lakini akifika miaka minne au mitano hatuangaishi tena sana. Daftari lake limejaa. Kila ugonjwa alioushinda, na kila chanjo aliyopata, imeandikwa humo. Utajiri huo ameukusanya kidogo kidogo, kwa homa nyingi na kwa usiku mwingi ambao wewe mama hukulala.

MAMBO MAWILI YALIYOONEKANA KUPINGANA

Sasa turudi kwa surua. Zamani, kabla mtu yeyote hajawahi kuona kirusi chenyewe, madaktari wawili waliona mambo mawili.

Wa kwanza ni Peter Panum, daktari kijana wa Denmark. Mwaka wa 1846 alitumwa katika visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa Ulaya, ambako surua ilikuwa imezuka. Visiwa hivyo vilikuwa na watu karibu 7,800, na zaidi ya 6,000 waliugua. Lakini Panum aligundua jambo la ajabu. Surua ilikuwa imeingia huko mara ya mwisho mwaka wa 1781. Wazee waliokuwa wameiugua wakati huo, miaka 65 nyuma, hakuna hata mmoja aliyeshikwa tena. Kwa hiyo nyanya akikuambia kwamba aliyeugua ukambi mara moja haugui tena, anasema kweli. Mwili huikumbuka surua maisha yote.

Wa pili ni Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Austria. Yeye alikuwa akiwapima watoto ngozi ili kujua kama wana viini vya kifua kikuu. Mtoto mwenye viini hivyo, ngozi yake ilivimba mahali alipopimwa, kwa sababu walinzi wake walivitambua. Mwaka wa 1908 von Pirquet aliandika kwamba mtoto huyo huyo akishikwa na surua, ngozi iliacha kuvimba. Viini vya kifua kikuu vilikuwa bado mwilini, lakini ni kana kwamba walinzi walikuwa wamevisahau.

Unaona ajabu hiyo, mpenzi msikilizaji? Mwili unaikumbuka surua hadi uzee, lakini surua hiyo hiyo inaufanya mwili usahau magonjwa mengine. Inawezekanaje? Swali hilo lilikaa miaka mingi bila jibu kamili.

KIRUSI KINACHOWAVAMIA WALINZI WENYEWE

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 2000, wakati Yusuke Yanagi na wenzake nchini Japani walipogundua mahali ambapo kirusi cha surua hujishikiza kinapoingia ndani ya chembechembe. Mahali hapo ni kama kishikio cha mlango, na kishikio hicho kiko juu ya chembechembe nyeupe za damu. Virusi vingi hukimbilia kwanza pua, koo au tumbo. Kirusi cha surua huwaendea walinzi.

Kisha akaja Rik de Swart, mtaalamu wa virusi aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi. Yeye na wenzake walitumia virusi vya surua vilivyotengenezwa ili viwake rangi ya kijani kila vinapoingia kwenye chembechembe. Waliwaambukiza kima, kisha wakafuatilia rangi ile ilikokwenda. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka wa 2007 na 2012, rangi ya kijani ilionekana wazi katika mafindofindo na kwenye tezi za mwili, yaani mahali walinzi wanapokaa. Tena iliwaka zaidi katika walinzi wa kumbukumbu, wale wenye daftari, kwa maana hao ndio wenye vishikio vingi.

Basi mwili hufanyaje? Hupigana. Hutengeneza walinzi wapya wengi sana wa kuimaliza surua, na hao huwaua walinzi wote walioingiliwa na kirusi. Surua inashindwa, lakini wale waliokufa walikuwa wakongwe wenye kumbukumbu ya nimonia, ya kuendesha, ya mafua na ya mengine mengi. Baada ya wiki chache ukipima damu utaona chembechembe nyeupe zimerudi kuwa nyingi kama zamani, na utadhani mambo ni mazuri. Lakini wengi wao ni wageni, na katika daftari lao wameandika jina moja tu: surua.

Hapo ndipo maneno ya Panum na ya von Pirquet yanapokutana. Wote wawili walisema kweli.

WATOTO 77 WA UHOLANZI

Pengine utauliza: hayo ni ya kima, je, binadamu? Ni swali zuri.

Mwaka wa 2013 surua ilizuka nchini Uholanzi katika jamii moja ambayo watu wengi hawakubali chanjo kwa sababu za kidini. Zaidi ya watu 2,600 waliripotiwa kuugua. De Swart na wenzake waliomba ruhusa ya wazazi, wakachukua damu ya watoto ambao hawajachanjwa kabla ya surua kuwafikia, na wakaichukua tena baada ya kuugua. Damu hiyo ilihifadhiwa. Baadaye Michael Mina, Stephen Elledge na wenzao nchini Marekani waliipima kwa kifaa kinachoweza kutambua kingamwili za mamia ya virusi kwa mara moja.

Matokeo yalitolewa mwaka wa 2019. Watoto 77 waliougua surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya kingamwili walizokuwa nazo. Hebu fikiria daftari la kurasa 100. Mtoto mmoja amechaniwa kurasa 11. Mwingine amechaniwa 73. Na watoto hawa walikula vizuri, wakaishi katika nchi tajiri.

Kurasa hizo hazirudi zenyewe. Mtoto huziandika upya kwa kukutana na viini vile vile tena, na mara nyingi kukutana huko ndiko kuugua. Mapema, mwaka wa 2015, Mina na wenzake walikuwa wamesoma takwimu za miaka mingi za Uingereza, Marekani na Denmark. Waliona kwamba mahali surua ilipopita, vifo vya watoto kutokana na magonjwa mengine ya kuambukiza vilibaki juu kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu. Surua ilikuwa imeondoka, lakini mlango ilikuwa imeuacha wazi.

"SI HERI AUGUE APATE KINGA YA ASILI?"

Swali hili huulizwa sana, na si swali la ujinga. Mama anafikiri: kama akiugua mara moja hataugua tena, kwa nini nimpeleke kudungwa?

Mama, hebu tupige hesabu pamoja. Kinga dhidi ya surua ni kitu kizuri, lakini angalia bei yake. Kwa kuugua, mtoto anainunua kwa kurasa za daftari lake, na huenda akailipia kwa macho yake, kwa ubongo wake au kwa uhai wake. Kwa chanjo, anaipata kinga hiyo kwa kulia kidogo na pengine kwa homa ya siku moja au mbili.

Wengine pia huuliza: chanjo ya surua si imetengenezwa kwa kirusi hicho hicho? Je, nayo haichani daftari? Chanjo ina kirusi kilichodhoofishwa, kisichoweza kuenea mwilini kama kile cha mtaani. Katika uchunguzi ule wa 2019 walipimwa pia watoto waliopewa chanjo, na kingamwili zao nyingine zilibaki salama. Kwa hiyo chanjo ya surua hailindi dhidi ya surua peke yake. Inalinda pia kila kinga nyingine ambayo mtoto wako amekwisha kuipata.

MIEZI 9 NA MIEZI 18

Hapa Kenya mtoto hupewa chanjo ya surua mara mbili: akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili iliongezwa mwaka wa 2013, na tangu 2016 sindano hiyo moja huzuia surua pamoja na rubella.

Kwa nini tunangoja miezi 9? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Hizo humlinda kwa miezi ya mwanzo, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi vizuri. Ikifika miezi 9 zimepungua. Hata hivyo, pale ambapo surua imezuka, au ikiwa mtoto amezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi, hupewa dozi ya mapema akiwa na miezi 6. Dozi hiyo ni ya ziada. Zile za miezi 9 na 18 zibaki pale pale.

Na kwa nini mara mbili? Kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 85 hivi hupata kinga. Wale 15 hawajulikani kwa kutazamwa. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia wengi wao. Kwa bahati mbaya, hapa ndipo tunapolegea. Mtoto wa miezi 18 anatembea, anacheza, hana ugonjwa, na mama amerudi kazini au shambani. Kliniki inasahauliwa. Tafadhali, chukua kile kijitabu cha kliniki leo, fungua ukurasa wa chanjo, uangalie kama dozi zote mbili zimeandikwa. Kama moja haipo na mtoto amepita umri, usione haya. Mpeleke hata kesho.

Kuna jambo jingine linalowavunja mama moyo. Unafika kliniki na unaambiwa, "Rudi siku nyingine, watoto hawajatosha." Sababu ni kwamba chupa moja ya chanjo hii huwa na dozi 10, na ikishafunguliwa hutumika kwa saa 6 tu, inayobaki hutupwa. Ukirudishwa, usiondoke hivi hivi. Uliza ni siku gani hasa ya wiki ambayo chupa hufunguliwa, kisha mwambie na jirani mwenye mtoto wa umri huo mje pamoja.

Na kampeni zinapokuja, kama ile ya Julai 2025 ya watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 5, mpeleke hata kama amekwisha kuchanjwa. Dozi ya nyongeza haimdhuru.

MTOTO AKIUGUA

Surua huambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Virusi hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Tena mtoto huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, na huendelea hadi siku 4 baada yake.

Dalili za kwanza ni homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi. Ukimfungua kinywa waweza kuona vidoa vyeupe ndani ya mashavu. Kisha vipele huanza usoni na nyuma ya masikio, vikashuka mwilini. Kwa ngozi yetu nyeusi vipele huenda visionekane vyekundu, kwa hiyo pitisha kiganja chako juu ya ngozi uhisi.

Ukishuku surua, mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya na useme mlangoni kwamba unashuku surua, ili asikae foleni pamoja na watoto wengine. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, lakini kuna vitamini A, na hii huokoa maisha na macho. Hutolewa dozi moja siku hiyo na nyingine siku ya pili yake. Ulizia.

Nyumbani endelea kumnyonyesha. Mpe maji, uji na chakula laini mara kwa mara. Wapo wanaomnyima maziwa au nyama, na wapo wanaokataza asioge. Yote hayo humdhoofisha. Usimtie machoni dawa ya miti shamba, maziwa wala kitu chochote ambacho hukupewa na mhudumu wa afya. Wengi wamepoteza macho kwa njia hiyo.

Rudi kituoni upesi ukiona anapumua kwa haraka au kwa shida, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea, ana vidonda vibaya kinywani, au jicho limeingia ukungu.

BAADA YA KUPONA

Mama mpenzi, kama utasahau yote niliyosema, usisahau hili. Siku vipele vinapokauka si mwisho wa safari. Mtoto aliyetoka kwenye surua ni mtoto ambaye daftari lake limechaniwa. Kwa miezi mingi ijayo, na huenda hata miaka miwili au mitatu, mtazame kama unavyomtazama mtoto mdogo kuliko umri wake.

Mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki mbili, na umpime uzito kliniki kila mwezi. Mpeleke apewe vitamini A kila miezi 6 hadi afikishe miaka 5. Kamilisha chanjo zote alizobakisha, pamoja na ile ya surua. Alale ndani ya neti. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kikohozi au homa ikija, usiseme, "Ni mafua tu, wiki jana alikuwa mzima." Mpeleke mapema, na umwambie daktari kwamba aliugua surua na mwezi gani. Andika tarehe hiyo kwenye kijitabu chake ili asiwepo atakayesahau.

Na ukimwona mama jirani ambaye mwanawe hatoki hospitali tangu alipougua ukambi, usiende kumwambia habari za uchawi. Mwambie habari za walinzi na daftari lao. Msaidie kumbeba mtoto hadi kliniki.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema, wewe na wanao.

(Muziki wa kufunga kipindi.)

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika mtaa au kijiji chetu kuna mtoto aliyeugua mara kwa mara baada ya kupona surua? Tulifikiri sababu ni nini?

2. Kwa nini mama wengi hawarudi kliniki mtoto akiwa na miezi 18? Tunaweza kusaidiana vipi?

3. Kituo chetu cha afya hufungua chupa ya chanjo ya surua siku gani? Nani atakwenda kuuliza na kutuletea habari?

4. Kila mmoja wetu afungue kijitabu cha mtoto wake. Je, dozi zote mbili zimeandikwa?